Vifo vya wanajeshi na wapagazi, Masasi na Newala (1916–1917)

Uwanda wa Juu wa Makonde hauzidi sana mita 900, na mji wa Newala uko chini ya hapo.  Katika Vita Kuu ya Kwanza wanajeshi na wapagazi hapa waliangamizwa na kiu, malaria, kuhara damu na njaa.

Kiu ya Newala

Juu ya uwanda mvua huzama mchangani. Hakuna mto wala kijito. Chemchemi ziko chini ya genge, na wenyeji walizoea kushuka na kupanda na maji kichwani. Jeshi la Kireno chini ya Jenerali Ferreira Gil lilivuka Mto Ruvuma Septemba 1916 na kulitwaa boma la Newala mwezi uliofuata. Mwishoni mwa Novemba Wajerumani wakiongozwa na Max Looff, aliyekuwa nahodha wa manowari ya Königsberg, walilizingira boma na kulitenga na maji yake. Wareno, wengi wao wakiwa tayari wagonjwa, walitoroka usiku kuelekea Ruvuma, wakiacha silaha na vyakula. Katika kampeni yao yote ya Msumbiji, maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi.

Malaria na kuhara

Kwinini ya Wajerumani ilikuwa inakwisha kufikia 1917. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa (Oktoba 1917), kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma hadi Chiwata na Nambindinga, akawaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi mikononi mwa Waingereza. Aliendelea na Wazungu wapatao 300 na askari 1,700 hivi, akavuka Ruvuma Novemba hiyohiyo.

Wapagazi

Hawa ndio walioumia zaidi. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, kwa hiyo mizigo ilibebwa na watu, wengi wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Posho ilikuwa haba, unga mara nyingi haukuiva vizuri, na matumbo yaliharibika. Kwa upande wa Uingereza pekee, makadirio ya wapagazi waliokufa Afrika Mashariki yote hufikia 95,000. Majina yao mengi hayakuandikwa popote, na huo ni udhalimu.

Kumbukumbu

 Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mwanajeshi mwenye bunduki, mpagazi hayumo.