Jihadi

Maneno "jihadi" na "juhudi" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujitahidi. Juhudi limebaki la shuleni na shambani. Jihadi, hasa tangu Septemba 11, 2001, vichwa vya habari vimelifanya neno la mabomu, na Mwislamu wa kawaida ndiye anayedaiwa maelezo.

Nairobi, Aprili 2014, msako wa polisi dhidi ya ugaidi, ulioitwa Usalama Watch, ulikamata maelfu, wengi Wasomali wa Eastleigh. Baadhi walizuiliwa uwanjani Kasarani.

Desemba 2015, karibu na Mandera, washambuliaji wenye silaha walipovamia basi, abiria Waislamu waliwapa Wakristo hijabu wajifiche, wakakataa katakata kutenganishwa nao. Mmoja wa Waislamu hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Alisifiwa sana, tena kwa haki. Neno jihadi wakaachiwa waliomuua.