Hevi metali: kutoka Unguja hadi Birmingham, na kurudi Nairobi

Najua niliahidi makala ya kuhamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine. Itakuja. Leo naomba ruhusa niandike kitu kingine kabisa, kwa sababu binamu yangu wa huku Malindi, mtoto wa mjomba, ana kesi nyumbani. Ana miaka 16. Mjomba alichukua simu yake, akasikia muziki uliomo, akasema huo ni muziki wa mashetani na hautasikika tena chini ya paa lake. Kijana akanitumia ujumbe: "Kaka, nipe nyimbo mpya za maana za kila aina, halafu nipe la kumjibu baba." La nyimbo ni rahisi. Hilo la pili ndilo lililonikalisha hadi saa nane za usiku.

Mjomba ana hoja mbili: kwanza, muziki huu si wetu, pili, ni wa shetani. Nianze na ya kwanza.

Mwaka 1946 alizaliwa Unguja mtoto wa Kiparsi aitwaye Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka kisiwani 1964 baada ya Mapinduzi, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Hilo mnalijua. Wasilolijua wengi ni kwamba mwaka 1974, ndani ya albamu ya Sheer Heart Attack, Queen walitoa wimbo mfupi wa kasi sana uitwao Stone Cold Crazy, wenye majina ya wanabendi wote wanne kama watunzi. Kasi ile na gitaa lile la kukata kata ni mbegu ya aina ambayo baadaye iliitwa thrashi. Metallica, wakubwa wa thrashi wenyewe, waliurekodi upya, na mwaka 1991 ukawapa tuzo ya Grammy ya hevi metali. Basi, mjomba, ukisema si muziki wetu, kumbuka kuna tuzo ya hevi metali iliyotokana na wimbo ambao mzaliwa wa Unguja ni mmoja wa watunzi wake. (Naandika majina ya aina hizi kwa matamshi yetu. Wenye kukereka wavumilie.)

Chanzo chenyewe lakini ni Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vile vya kulia ndivyo vya kubania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akaanza kuzilegeza ili zisimuumize. Uzi ukilegea, sauti inashuka. Sikiliza Master of Reality ya 1971 utaisikia. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza tarehe 13 Februari 1970. Walipiga onyesho lao la mwisho papo hapo Birmingham tarehe 5 Julai 2025, na mwimbaji wao Ozzy Osbourne akafariki siku 17 baadaye.

Sasa kidogo cha kitaalamu, maana hii bado ni blogu ya kompyuta. Ule mkwaruzo wa gitaa mnaoudhani ni kelele ni programu ya mistari miwili: sauti ikizidi kiwango cha juu, ikate hapo, ikishuka chini ya kiwango cha chini, ikate hapo. Basi. Amplifaya za taa zilifanya hivyo zenyewe zikizidiwa. Lakini wimbi likikatwa kichwa huzaa mawimbi mengine. Ukipiga nota mbili pamoja, unapata pia jumla yake na tofauti yake. Chukua nota ya 110 na ya 165: tofauti ni 55, jumla ni 275, na zote ni mazao ya 55. Zinakaa pamoja kama ndugu, na juu yake unapata besi ambayo hakuna aliyeipiga. Ndiyo maana wapiga metali wanapenda nota mbili zenye uwiano wa 3 kwa 2. Ukitia nota ya tatu, ile inayoupa wimbo wa kawaida furaha yake, gitaa letu halijafungwa sawasawa kabisa kwa uwiano huo, na mkwaruzo unaikuza kasoro hiyo mpaka inakuwa matope. Ule ukavu na uzito wa metali, sehemu kubwa ni hesabu. Shetani simwoni kwenye mlinganyo.

Afrika haikungoja kualikwa. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na pesa ya shaba, na Rais Kaunda alitaka redio zipige muziki wa nyumbani kwa wingi. Vijana wakachukua gitaa la mkwaruzo wakalifanya lao: WITCH, Amanaz, Paul Ngozi na Ngozi Family. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na ukimwi ukawamaliza wanamuziki wengi wa kizazi kile. Mwimbaji wa WITCH, Emanuel Jagari Chanda, akabaki, akaenda kuchimba vito. Mwaka 2023 alirudi na albamu mpya, Zango. Si metali kamili, ni babu yake, na inafaa kuanzia hapo.

Na Pwani yetu je? Gitaa la umeme tulikuwa nalo. Them Mushrooms walianza 1972, na Jambo Bwana ya 1982 kila mtalii anaijua. Ila gitaa la hotelini lazima liwe safi na laini, mgeni asije akaacha chakula mezani. Hayo ni maoni yangu, lakini naona ndiyo sababu mojawapo mkwaruzo haukukita mizizi huku. Ulikita Nairobi, ambako Last Year's Tragedy walipiga metalikoo, na kulikuwa hata na stesheni ya redio ya roki, X FM, ambayo imeshafungwa.

Kutoka humo Nairobi ndiko walikotoka Duma. Walikuwa watu wawili: Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, akipiga mayowe, Sam Karugu gitaa na mitambo. Albamu yao ilitoka Agosti 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili akisikia Duma anamwona mnyama wa mbio, na kasi ya ngoma zile inamruhusu. Wao walikusudia neno la Kikuyu, kiza. Ngoma nyingi zimepangwa kwa kompyuta, upesi kuliko miguu ya binadamu, na mimi kama mtunga programu nasikia raha ya pekee nikijua kuna mtu alikaa akaziingiza moja moja. Aina yake ni graindikoo iliyochanganywa na kelele za mitambo. Anza na Lionsblood. Ukitaka kujua graindikoo ilikotoka, Napalm Death mwaka 1987 walikuwa na wimbo wa sekunde moja na kitu. Hauhitaji muda wa maongezi mengi.

Mwaka 2024 Spikeheart alitoa The Adept peke yake, akaitunuku kwa bibi yake mzaa mababu, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau na kufariki 2023. Nilipolijua hilo niliisikiliza upya, nikayaelewa mayowe.

Hapa ndipo ninapomjibu mjomba hoja ya pili. Mwaka 1994 Serikali iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani Kenya. Ripoti ikatangazwa 1999. Sisi watoto wa baada ya hapo tumekua na hofu hiyo: fulana nyeusi, namba fulani, umekwisha. Nami niliwahi kusimamishwa mbele ya waumini niombewe kwa sababu ya picha ya mifupa kwenye daftari. Hofu hiyohiyo, ya kumhukumu mtu kwa anavyoonekana, ndiyo inayowaua wazee wetu wa Kilifi kwa kushukiwa uchawi, na aghalabu chini yake mna ugomvi wa shamba. Mvi tu zinatosha kuwa ushahidi. Na mwaka 2023, hapo Shakahola, si mbali na tunapokaa, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Hakukuwa na gitaa la mkwaruzo pale. Kulikuwa na mahubiri na nyimbo za dini.

Tena Wagiriama hatukuogopa muziki wa mauti. Mekatilili wa Menza mwaka 1913 alikwenda kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata, na Mwingereza akatetemeka. Wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Mpaka leo nangojea bendi itakayotia gitaa la Iommi juu ya kifudu. Sepultura wa Brazil walikwenda kurekodi na watu wa Xavante kwa ajili ya Roots ya 1996, na Arka'n Asrafokor wa Togo wanapiga metali na midundo ya Kiewe na wanaiimba kwa lugha yao. Albamu yao Dzikkuh ni ya 2024. Kwa Kigiriama ingekuwaje?

Zilizobaki, haraka. Dumu, yaani ya polepole na nzito: Vale of Amonition wa Uganda. Dethi metali: The Stargate ya Blood Incantation, 2024, zaidi ya dakika 20, kaa chini kwanza. Hevi metali ya asili: Panic Attack ya Judas Priest, 2023, wazee wanaowashinda vijana. Thrashi: 72 Seasons ya Metallica, 2023, ingawa kwangu mimi albamu nzima ni ndefu mno. Metali ya lugha ya wenyeji: Te Rā ya Alien Weaponry, 2025, yenye nyimbo za Kimaori ndani yake. Blaki metali naiacha mpaka kesi iishe.

Zote nimemtilia kwenye fleshi. Mjomba amekubali kusikiliza moja tu, ile ya kijana wa Unguja, baada ya ibada Jumapili. Ina dakika mbili na sekunde chache. Nitawaambia.