Njia ya baiskeli ambayo kisheria bado ni reli

Leo hamna habari za bumu wala foleni ya kantini. Leo naweka historia, na naomba mvumilie kidogo maana ndani yake kuna mambo ya sheria.

Katika jimbo la Missouri, Marekani, kuna njia ya baiskeli inayoitwa Katy Trail. Urefu wake ni kama kilomita 386, yaani ni zaidi ya Dar mpaka Tanga, kuanzia Machens upande wa mashariki hadi Clinton upande wa magharibi. Haina lami. Wamemwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa, wakashindilia, basi. Gari haziruhusiwi humo, ukiacha pale inapokatiza barabara. Sehemu kubwa inafuata mto Missouri: upande mmoja mto na mashamba ya mahindi na soya, upande mwingine majabali. Na haina vilima vya kukutoa roho, kwa sababu ilichongwa kwa ajili ya treni, na treni haipandi mlima mkali.

Vijiji unavyopita huko ni historia tupu. St. Charles ndipo Lewis na Clark walipoondokea Mei 1804 kwenda kutafuta njia ya kufika Pasifiki. Karibu na Defiance ndipo alipofia Daniel Boone mwaka 1820. Mwaka 1824 Mjerumani mmoja, Gottfried Duden, alikuja kukaa karibu na hapo, akarudi kwao na mwaka 1829 akachapisha kitabu cha kuisifia nchi hiyo, na Wajerumani wakaanza kumiminika. Ndiyo maana unakuta majina kama Hermann na Rhineland, na mashamba ya mizabibu ya Augusta. Msidhani ni wakulima wa mvinyo peke yao lakini. Missouri iliingia kwenye muungano mwaka 1821 ikiwa jimbo la watumwa, na ile ardhi nzuri ya katikati, kandokando ya mto, ililimwa katani na tumbaku kwa mikono ya watumwa. Ukisogea magharibi unafika Sedalia, alikopiga piano Scott Joplin.

Sasa, kilichonifanya niandike sio vijiji. Ni swali moja ambalo lilisumbua mahakama kwa zaidi ya miaka 10: treni ikifa, ardhi iliyopita reli inakuwa ya nani?

Reli yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Missouri–Kansas–Texas, na kutokana na zile herufi K na T watu wakaiita Katy. Ile sehemu ya kandokando ya mto ilijengwa miaka ya 1890. Pale Rocheport kuna handaki la mwaka 1893 ambalo mpaka leo waendesha baiskeli wanapita ndani yake. Ardhi waliipata kwa njia tofauti. Mahali pengine kampuni ilinunua kabisa. Mahali pengi mkulima aliipa haki ya kupita tu, kwa ajili ya reli, huku ardhi ikibaki yake. Kwa hiyo siku reli ikiachwa, haki ile inakufa, na mjukuu wa mkulima anarudishiwa ukanda wake. Hebu tunzeni hilo kichwani.

Oktoba 1986 mto ukafurika na kuharibu reli. Kampuni haikuona faida ya kuitengeneza, ikasimamisha treni kati ya Machens na Sedalia. Kwa mazoea ya zamani stori ingeishia hapo: vyuma vinang'olewa, mataruma yanauzwa, ukanda unagawanywa vipande vipande, na hakuna atakayeweza tena kuuunganisha.

Lakini mwaka 1983 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha kifungu cha ujanja sana. Nchi ilikuwa inapoteza reli kila mwaka, wakaogopa kwamba siku zikihitajika hazitapatikana. Kifungu kinasema hivi: kampuni ikitaka kuacha reli, akajitokeza mtu au serikali ya kuutunza ule ukanda na kubeba dhima yake, basi unaweza kutumika kama njia ya miguu na baiskeli, na kisheria reli itahesabiwa haijaachwa. Imewekwa akiba tu, kama hela benki. Treni ikihitajika kesho, inarudi. Na kwa kuwa haijaachwa, ile haki ya kupita haifi, na mjukuu wa mkulima anaendelea kusubiri.

Fedha ya kuanzia ilitoka kwa Ted Jones na mkewe Pat. Jones alikuwa mtu wa biashara ya hisa, na wawili hao walichangia kama dola milioni 2.2. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Rocheport Aprili 1990, na Jones akafariki Oktoba mwaka huohuo.

Wenye mashamba walipinga, tena kwa nguvu. Waliogopa wageni kupita nyuma ya nyumba zao, waliogopa takataka na wizi, ila hoja ya msingi ilikuwa ni ile ile ya ardhi. Babu alitoa njia ya treni, hakutoa njia ya watu wa mjini kuja kutembeza baiskeli. Walikwenda mahakamani wakashindwa. Mwaka 1990 kesi nyingine ya aina hiyo, iliyotoka Vermont, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na majaji wakasema sheria ya 1983 ni halali, ila anayeona kanyang'anywa ardhi aende kudai fidia kwa serikali.

Wa Missouri wakaenda kudai. Mwaka 2000 mahakama ya madai ikawapa haki: kwa sheria ya jimbo lao, njia ya burudani si reli, kwa hiyo serikali imechukua mali ya watu na lazima ilipe. Mnaona uhondo wake? Ukanda uleule, kokoto zilezile. Kwa sheria ya taifa ni reli inayosubiri treni, ndiyo maana baiskeli zinapita. Kwa sheria ya jimbo reli ilishakufa, ndiyo maana mkulima analipwa. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki, maana bila hiyo starehe ya umma ingelipiwa na wakulima wachache.

Ila nao wakulima nawakatia kidogo. Hoja ya "ardhi ya babu zetu" ina historia ndefu kuliko walivyoisimulia mahakamani. Waosage walisaini kuitoa sehemu kubwa ya Missouri kwenye mkataba wa Fort Clark mwaka 1808, na haukuwa mkataba wa watu wawili wenye nguvu sawa. Miaka 16 baadaye Duden anafika na kuiona ni nchi inayosubiri wakulima.

Mafuriko makubwa ya 1993 yaliharibu tena sehemu kubwa ya njia, na kijiji cha Rhineland kikahamia mlimani. Njia ikatengenezwa upya. Kilichotikisa zaidi kilikuja 2005, pale Boonville. Kuna daraja la reli la mwaka 1932, baiskeli hazilitumii, zinapita daraja la barabara. Kampuni ya Union Pacific, iliyokuwa imeinunua Katy, ikataka kulibomoa ichukue vyuma. Mwanasheria mkuu wa jimbo akafungua kesi. Hofu ilikuwa kwamba daraja likiondoka reli imekatika, na reli iliyokatika utasemaje inasubiri treni? Njia nzima ingekosa mguu wa kusimamia. Mwaka 2010 kampuni ikaamua kuupa mji daraja.

Nilivyosoma hii nikakumbuka reli yetu ya kusini, Mtwara–Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwetu kesi ya Missouri isingekwenda vile, maana kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Wewe wa Nachingwea unayesoma hapa, kama una babu aliyewahi kuipanda hiyo treni, niandikie alikusimulia nini.