Jinsi ya kufunga na kuendesha mashine ya kurekodi kamera za usalama

WIZI wa usiku, wa kuvunja mlango, hugunduliwa asubuhi yake. Wizi wa mchana, unaofanywa na mtu mwenye ufunguo, hugunduliwa siku ya kuhesabu mali, nayo katika maduka mengi ni mwisho wa mwezi. Siku hiyo mwenye duka huikimbilia mashine inayorekodi picha za kamera za usalama, na si ajabu akakuta kwamba picha kongwe kuliko zote zilizobaki ndani yake ni za siku sita zilizopita.

Mashine haijaharibika. Imefanya kama ilivyopangwa: diski ikijaa, picha za zamani hufutwa ili mpya ziandikwe mahali pake. Kilichokosekana ni swali ambalo fundi alipaswa kuliuliza kabla hajafungua boksi, nalo ni hili: mwenye mali huchukua siku ngapi kugundua kwamba ameibiwa?

Makala haya yanaeleza namna ya kuifunga na kuiendesha mashine hiyo kwa kulifuata swali hilo. Mafundi huiita DVR inapopokea picha kwa waya unaofanana na ule wa antena ya televisheni, na NVR inapozipokea kutoka kamera za mtandao. Kanuni za uendeshaji wake zinakaribiana sana.

Kabla ya diski, kazi hii ilifanywa na kanda za VHS. Kanda ya saa tatu iliweza kurekodi saa 24 kwa kupunguza idadi ya picha zinazonaswa kila sekunde, na mtu alilazimika kuibadilisha kila siku. Diski nazo si ngeni katika fani ya video. Mwaka 1967 kampuni ya Ampex ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa HS-100, iliyotumiwa na televisheni kurudia matukio ya michezo kwa mwendo wa polepole. Ilihifadhi sekunde 30 tu.

Leo diski moja huhifadhi wiki kadhaa, ila wiki hizo ni ngapi ni suala la hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu.

Tuchukue duka lenye kamera nane. Kila kamera imepangwa kutoa megabiti 2 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha safi inayobanwa kwa mfumo wa H.264. Baiti moja ina biti nane, hivyo kila kamera huandika robo ya megabaiti kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Kamera moja, basi, hula gigabaiti 21.6 kwa siku, na kamera nane hula gigabaiti 172.8.

Diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000, haitafikisha siku sita kwa matumizi hayo. Hizo ndizo siku sita za mwenye duka wetu.

Ikiwa mali huhesabiwa kila mwezi, na baada ya hapo mwenye duka huhitaji wiki moja na ushei ya kupitia stakabadhi kabla hajaamini macho yake, anahitaji kumbukumbu ya siku 40. Zidisha 172.8 kwa 40, utapata gigabaiti 6,912. Diski ya kununua ni ya terabaiti 8. Anayehesabu mali kila wiki anaweza kuridhika na terabaiti 3, ambazo zitampa siku 17.

Gharama inaweza kupunguzwa. Mfumo wa H.265, ulioidhinishwa mwaka 2013, miaka kumi baada ya H.264, unaweza kuhifadhi picha yenye ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya nafasi, mradi kamera na mashine zote ziuelewe. Njia nyingine ni kupunguza picha kutoka 25 hadi 12 kwa sekunde, jambo ambalo kwa ukumbi au ua halina madhara makubwa. Kamera inayomtazama keshia ni vyema iachwe ilivyo, kwa sababu noti hubadilisha mikono kwa muda mfupi sana.

Kabla ya kulipa, soma kwenye kitabu cha mashine ukubwa wa diski inaoupokea, kwani mashine nyingi za zamani zina kikomo. Usishtuke pia diski ya terabaiti moja ikionyesha gigabaiti 931 kwenye skrini. Kiwanda huhesabu kwa elfu na programu nyingi huhesabu kwa 1,024, muuzaji hajakuibia.

Anachoweza kukuibia ni umri wa diski. Diski zilizotumika husafishwa, zikabandikwa karatasi mpya na kuuzwa kama mpya. Namna ya kuzitambua ni kufungua ukurasa wa afya ya diski, unaoitwa S.M.A.R.T., ambao mashine nyingi huwa nao, na kutazama saa ilizokwisha kufanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski “mpya” yenye saa 26,000 imeshatumika takriban miaka mitatu mfululizo mahali pengine.

Chagua pia diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya mezani imeundwa kwa mtu anayefanya kazi mchana na kuzima jioni. Hii yetu huandika usiku na mchana bila kupumzika.

Kuifunga ni kazi ya dakika chache. Umeme ukiwa umezimwa, diski hukazwa kwa skrubu zake, huunganishwa waya wa data na wa umeme, kisha mashine ikiwashwa huamriwa kuiandaa diski. Maandalizi hayo hufuta kila kilichomo, kwa hiyo diski yenye picha unazozihitaji isipitishwe hapo.

Mahali pa kuiweka ndipo penye mjadala. Wengi huiweka chini ya kaunta, karibu na skrini, ambako mwizi wa usiku huiona na kuondoka nayo. Sanduku la chuma lenye kufuli na matundu ya hewa, ndani ya chumba kingine, ni bora zaidi. Joto, vumbi na, kwa miji ya pwani, hewa ya chumvi, vyote hupunguza maisha ya mashine, hivyo feni yake isafishwe mara kwa mara na isikae mgongoni mwa friji.

Baada ya hapo inakuja saa. Jambo hili huonekana dogo, lakini linaweza kuifanya rekodi nzima ikose maana.

Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya GMT. Baadhi ya mashine zinazotengenezwa China hutoka kiwandani zikiwa na majira ya Beijing, yaani saa nane mbele. Ukiiunganisha na huduma ya kusahihisha saa kwa intaneti bila kubadili majira hayo, itasahihishwa barabara, lakini kwa saa za Beijing, na kila tukio litaandikwa saa tano mbele ya wakati wake. Zima pia mpangilio wa majira ya kiangazi, kwani huku hatusogezi saa. Na mashine ambayo tarehe yake hurudi nyuma kila umeme unapokatika ina betri ndogo iliyokufa. Ni ya kubadilishwa, bei yake ni ndogo.

Liko tatizo jingine ambalo vitabu vya viwandani havilitaji, kwa kuwa ni letu wenyewe. Mlinzi huandika katika daftari lake kwamba aliona gari saa 4 usiku. Mashine huita wakati huo 22:00. Anayetafuta kwa haraka huingiza 04:00, akaona ua mtupu, akahitimisha kwamba mlinzi amesema uongo.

Tarehe nayo huponza. Mashine hubadili tarehe saa 6 usiku, ilhali mlinzi aliyeingia zamu Jumamosi jioni bado yuko Jumamosi mpaka kunapambazuka. Tukio lake la “Jumamosi saa 8 usiku” limo kwenye mashine kama Jumapili, 02:00. Kikaratasi cha kulinganisha saa hizi, kikibandikwa juu ya mashine na kingine kwenye daftari la mlinzi, humaliza ubishi huo.

Katika mipangilio ya kurekodi, hakikisha sehemu ya kuandika juu ya picha za zamani imewashwa. Ikizimwa, mashine husimama diski inapojaa na kamera hubaki mapambo. Mfumo wa video uwe PAL. Ukiachwa NTSC, ambao ni wa picha 30 kwa sekunde, picha huweza kupepesa chini ya taa za tyubu kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50.

Kurekodi pale tu panapotokea mwendo huokoa nafasi, na wauzaji hupenda kuusifu mpango huo. Hata hivyo, mpango huo unategemea hisia ya kamera, ambayo inaweza kuamshwa na jani la mwembe na kumkosa mtu anayetambaa gizani. Kwa kaunta na mlango wa stoo, rekodi mfululizo. Kwa ua, mwendo unatosha, mradi mashine ipangwe kuhifadhi pia sekunde tano au kumi kabla ya mwendo kugunduliwa.

Umeme unapokatika ghafla, diski inayoandika huweza kupoteza mpangilio wa kumbukumbu zake. Kwa sababu hiyo UPS ni ya lazima. Lakini ifanyiwe hesabu nayo. Mashine yenye diski moja ikitumia takriban wati 20, na kamera nane wati 5 kila moja, jumla ni wati 60. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Hata kwa hesabu ya karatasi haifikishi saa moja na nusu, na kwa vitendo hupungua zaidi. Anayetaka kuuvuka usiku mzima afikirie betri ya saa-ampea 100 na kibadilishi umeme. Akitumia nusu yake tu ili isife mapema, anapata wati-saa 600. Kamera nazo ziunganishwe hapo hapo. UPS inayoilisha mashine peke yake hurekodi giza.

Wengi sasa hutaka kutazama duka kwa simu wakiwa mbali. Hilo linawezekana, ila tahadhari yake ilishatolewa na dunia nzima ikaiona. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilisambaa ikiingia katika kamera, ruta na mashine hizi hizi za kurekodi kwa kujaribu takriban majina na maneno ya siri 60 ya kiwandani. Hakukuwa na uchawi. Wenye mashine hawakuyabadilisha. Oktoba 21 mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Badilisha neno la siri siku ya kwanza, lihifadhi mwenyewe na si kwa fundi, na mpe msimamizi wa duka jina lake la kuingilia lisilo na ruhusa ya kufuta.

Mtihani wa kazi yote hii ni kutoa picha. Kila mwezi, chagua siku moja ya wiki tatu zilizopita, itafute, na uinakili kwenye flashi. Diski ambayo imeacha kuandika haipigi kelele kila mara. Mara nyingine taa huwaka, skrini huonyesha picha za sasa, na nyuma yake hakuna kinachohifadhiwa.

Tukio likitokea, usisubiri. Kwanza lifunge faili husika ili lisifutwe, kama mashine inaruhusu, kisha linakili mara mbili, kwa muundo wa mashine yenyewe pamoja na ule unaofunguka kwenye kompyuta yoyote. Andika nani alinakili, lini, namba ya mashine, na tofauti iliyopo kati ya saa ya mashine na saa halisi. Kuipiga picha skrini kwa simu kunafaa kwa kumwonyesha jirani, si kwa kupeleka mahakamani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki iliyopitishwa mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii kuangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na kama uhalisia wake umelindwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia cheti kinachoeleza kifaa na namna rekodi ilivyopatikana, kilichosainiwa na mtu mwenye dhamana ya uendeshaji wake. Wakili wa upande wa pili ataanza na maswali hayo, na mwenye maandishi ndiye atakayeyajibu.

Sheria pia humtazama mwenye kamera. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania ile ya taarifa binafsi mwaka 2022, na kwa sheria hizo sura ya mteja ni taarifa yake. Weka tangazo mlangoni, na kamera zisifike chooni wala chumba cha kujaribia nguo. Siku 40 zinaelezeka, kwa kuwa zina sababu ya hesabu ya mali. Mwaka mzima ni vigumu kuutetea.

Diski ikichoka isiuzwe wala kutupwa hivi hivi. Picha zilizofutwa kwa kubonyeza kitufe huweza kurudishwa na fundi mwenye programu ya kufaa. Iandikwe upya yote kwa kompyuta, au, ikiwa haiwaki tena, itobolewe kwa drili kabla ya kutoka dukani.