Istilahi za Uchunguzi wa Moto

Katika kuunda istilahi yatupasa kuchunga kwamba jina litaje kile kionekanacho, wala lisitangulie kukihukumu. Historia ya uchunguzi wa moto huko Marekani yaonyesha hasara inayopatikana kanuni hiyo isipofuatwa.

Kwa muda mrefu wachunguzi wa nchi hiyo walirithishana kazi kwa uzoefu, bila ya dhana zao kupimwa kwa majaribio. Walipoona sakafu imeungua kwa umbo la kidimbwi, waliiita "alama ya kumwagwa", yaani petroli imemiminwa hapo. Kioo kilichojaa nyufa nyembamba nacho kilihesabiwa kuwa dalili ya mafuta. Jina hilo la kwanza tayari lina mmwagaji ndani yake, na mmwagaji huyo ni mhalifu.

Mwezi wa Oktoba 1990, watu sita walikufa katika nyumba iliyoungua mjini Jacksonville, jimbo la Florida. Mtu mmoja aliyenusurika akashtakiwa kwamba ameichoma. Wataalamu wa upande wa mashtaka, akiwamo John Lentini, waliiteketeza kwa majaribio nyumba ya jirani iliyofanana na ile. Waliwasha kochi tu, bila ya mafuta yoyote. Kabla ya dakika tano kutimia chumba kizima kilikuwa kikiwaka, na sakafuni zikabaki alama zile zile. Mashtaka yakafutwa.

Sababu yake ni hii. Moshi na gesi za moto hujikusanya chini ya dari. Joto lake likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, huangaza chini hata kila kilichomo chumbani kikashika moto karibu kwa wakati mmoja, sakafu pia. Ama nyufa za kioo, majaribio yalionyesha kuwa huletwa na maji ya wazima moto yanapokirukia kioo chenye joto.

Mwaka 1992 chama cha taifa cha kukinga moto cha Marekani kilitoa mwongozo, namba 921, unaowataka wachunguzi wafuate mbinu ya kisayansi. Mwaka huo huo Cameron Todd Willingham wa Corsicana, Texas, alihukumiwa kifo kwa moto ulioua binti zake watatu Desemba 1991. Alama za sakafuni na nyufa za kioo zilikuwa miongoni mwa ushahidi. Aliuawa Februari 2004. Wataalamu kadhaa walioupitia ushahidi huo hawakuona msingi wa kisayansi wa kusema nyumba ile ilichomwa.

Kiswahili kina silaha nzuri hapa. "Nyumba imeungua" haimtaji mtendaji, "imechomwa" yamtaka. Vivyo hivyo "kumwagika" na "kumwagwa". Yafaa basi tuseme "alama ya kuungua", hata uchunguzi uthibitishe zaidi. Ule mwako wa chumba kizima usiitwe "mlipuko", maana hakuna kilicholipuka; napendekeza "mwako jumla". Neno "chanzo" nalo limebebeshwa mizigo miwili: mahali moto ulipoanzia, na kilichouwasha. Mahali paitwe "kianzio", na "chanzo" kibaki kwa sababu. Ama "hitilafu ya umeme", ambayo hutangazwa jivu lingali moto, hilo si jina la kitu kilichoonekana, na fundi hajafungua hata sanduku la fyuzi.