Jina la Mtu Mpakani Tunduma

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hili lilifaa soko ambamo muuzaji na mnunuzi walijuana kwa nyuso. Tunduma, mji wa mpakani ambao tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe, waonyesha jinsi jina la mtu lilivyogeuka kuwa mali ya kujengwa na kulindwa.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliwagawa Wanyamwanga kati ya tawala mbili. Hata hivyo, mpaka haukuweza kukata majina. Majina ya koo zao, ambayo kwa wanaume aghalabu huanza na Si- na kwa wanawake Na-, yaliendelea kumtambulisha mtu ng'ambo ya pili kabla hajajieleza. Jina hilo lilikuwa la kurithiwa; mwenyewe hakulijenga.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Reli hiyo, pamoja na barabara kuu iendayo Zambia, ilipitisha hapo wageni wasiojua koo. Mbele yao mfanyabiashara alihitaji jina la pili, lililochumwa kwa mizani ya haki na ahadi iliyotimizwa. Jina hilo lilisafiri kwa vinywa vya wasafiri, na mwendo wake ulikuwa wa polepole.

Mtandao uliharakisha mwendo huo. Mwaka 2005 mpiga picha wa magazeti, Muhidin Issa Michuzi, alifungua blogu yake akiwa Helsinki, kwa kuhimizwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa watangulizi wa uandishi wa Kiswahili mtandaoni. Kwa picha na habari za kila siku, jina la mtu mmoja likawa baraza la Watanzania wa nyumbani na ughaibuni. Wengi wakafuata njia hiyo, hata wenye maduka, ambao ukurasa na namba ya simu viliwatangulia kwa wateja wasiopata kuwaona.

Lakini baraza hilo lilisimama juu ya kiwanja cha wengine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilipita shilingi 2,000,000. Tarehe 20 Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Aliyefungiwa laini alipoteza anwani ambayo wateja walimjua kwayo. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Jina lililojengwa kwa miaka likakosa mlango kwa siku moja.

Basi jina la mtandaoni lina wakuu watatu: mtu, kampuni na dola, na mwenye jina ndiye mnyonge wao. Akiba yake ya pekee ni ile isiyohitaji leseni wala waya, yaani kumbukumbu ya mtu aliyetendewa haki. Ukurasa humfikisha mgeni dukani. Kinachomrudisha ni mizani. Hapo neno la wahenga lingali na nguvu: chema hakina budi kutangazwa, lakini tangazo halikigeuzi kibaya kuwa chema.