Kinyago Hakimtishi Aliyekichonga

Ndugu msikilizaji, juzi nikipita Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, nilimkuta kijana mmoja machinga amebeba vinyago. Nikachagua kimoja, kile cha kuvaa usoni, nikamwuliza ni cha nini. Akanijibu, "Pambo tu, mzee. Wazungu wanavipenda." Jibu lile limenikaa moyoni wiki nzima.

Kwa Wamakonde, kuanzia Mueda huko Msumbiji hadi Newala kwetu, kinyago cha kuvaa hakikuwa pambo. Wenyewe hukiita lipiko, na vikiwa vingi, mapiko. Kilitoka wakati wa jando na unyago, na aliyekivaa hakuwa tena fulani bin fulani, bali mzimu uliorudi kutoka kwa wafu. Wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni hawakutakiwa kujua kwamba ndani yake mna mtu.

Kisha wakaja watawala wa kigeni: Mreno ng'ambo ya Ruvuma, Mjerumani na baadaye Mwingereza upande huu. Wamakonde walifanya nini? Walimchonga mgeni! Katika mapiko zikaingia sura za Wazungu, Waarabu na Wahindi, zikachezwa uwanjani mbele ya watu. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Jambo hili si geni duniani. Warumi walipoitawala Misri, mafundi wa Alexandria walimchonga Anubis, mungu wa wafu mwenye kichwa cha bweha, akiwa na mavazi ya askari wa Kirumi. Yupo mpaka leo ukutani, katika makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa. Nguo ni za mtawala, lakini zamu ya kuwalinda wafu ni ileile ya Kimisri.

Hata soko halikuishinda sanaa hiyo. Katika miaka ya 1950, hapa Dar es Salaam, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani ya mpingo, na mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, akayanunua na kuyatafutia wateja. Tusichanganye mambo lakini: shetani alichongwa auzwe, lipiko kilichongwa kichezwe.

Basi hatari iko wapi? Mwaka 1984 wezi waliiba vitu katika Makumbusho ya Taifa, hapahapa mjini, kikiwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirudishwa rasmi Mei 2010, baada ya miaka 26. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini kinyago kinaweza kurudi kwa ndege. Maana yake hairudi kwa ndege. Ikisahauliwa na wenyewe, hakuna mkataba wa kuidai.

Kariakoo lenyewe ni jina la kigeni, la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tumelitafuna mpaka limekuwa letu. Kupokea cha mgeni si kushindwa. Kushindwa ni kushika cha babu yako mkononi, ukaulizwa ni cha nini, ukajibu: pambo tu.

Nilikinunua kile kinyago. Kabla ya kuondoka nilimsimulia yule kijana habari za lipiko, naye akasikiliza mpaka mwisho. Nawe, msikilizaji, mwulize mzee wako leo, maadamu yupo.

Kwaheri mpaka wiki ijayo.